Mchezo ulioninunulia gemu

Kijumbe wetu, yule anayetusimamia mchezo wa kupeana hela kwa zamu, pale Sokomatola hapa Mbeya, ana daftari la kaunta lenye jalada jekundu. Katika mzunguko ulioanza Septemba 2022, jina langu lilikaa mstari wa 17. Tulikuwa wanawake 20, kila mmoja anatoa elfu 20 kila Jumamosi, na zamu yangu ikaangukia Jumamosi ya kwanza ya Januari 2023. Walionitangulia walishanunua vya kwao: mmoja friji, mwingine mabati, mwingine alilipa ada ya mtoto na chenji ikaongezea kwenye overloki. Mimi nilipokabidhiwa laki nne yangu nilipanda daladala mpaka Mwanjelwa, nikarudi na PS4, yaani PlayStation 4, mashine ya kuchezea gemu.

Mama anayekaa cherehani ya tatu kutoka kwangu aliniuliza, "Mwanangu, laki nne yote ya kuchezea?" Nilimjibu kwa adabu kwamba nimeshapiga hesabu. Siku ile sikuweza kumwonyesha hesabu yenyewe, maana ilikuwa wiki ya sare za shule na wazazi walikuwa wamesimama mlangoni wanasubiri sketi. Hesabu hiyo ipo mpaka leo kwenye kurasa za nyuma za daftari ninaloandikia vipimo vya wateja. Nitaieleza hapa, kwa sababu wapo vijana wengi wa hapa Mbeya wanaopenda gemu kama mimi na hela inawapotea bila wao kuona ilikopitia.

Nimekulia Mafiati, mtoto wa kike peke yangu kati ya kaka wawili na mdogo wetu wa mwisho, Ambakisye. Kibanda cha kwanza cha gemu nilichoingia kilikuwa na TV mbili za chogo na PS2 mbili, na harufu ya mihogo ya kukaanga ikiingia kutoka kwa mama wa jirani. Memori kadi ilikuwa moja, ya MB 8, na tulikuwa tunaigombania kama kitanda cha hosteli: ukihifadhi ligi yako, mwenzako anafutiwa ya kwake. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000. Sisi tuliifikia miaka mingi baadaye na ilikuwa tamu vile vile. FIFA 14, ya mwaka 2013, ndiyo ilikuwa ya mwisho kutengenezewa PS2. Yaani miaka 13 mashine ile ile inaletewa mpira mpya. Nilipokuja kulijua hilo nikiwa mtu mzima, ndipo nilipoelewa kwamba mashine haifi siku mdogo wake anapozaliwa, na anayekubali kuwa nyuma kwa hatua moja anacheza kwa bei nafuu sana.

Turudi kwenye daftari. Mwaka 2022 Ambakisye alikuwa anakaa na mimi akisubiri kwenda chuo, na kibandani alikuwa anaacha kama 1,500 kwa siku. Mechi tatu, akishindwa anaomba ya nne. Kwa mwezi ni 45,000, na karibu yote ilikuwa inatoka kwenye mkoba wangu kwa njia ya "dada, naomba nauli". PS4 ya mtumba ilikuwa inauzwa laki nne na kidogo. Ukigawa, miezi tisa na siku kadhaa mashine inakuwa imejilipa, na baada ya hapo kila mechi ni ya umeme tu.

Ila hesabu hiyo ni ya mtu anayecheza kila siku. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wananunua mashine kwa mkopo halafu inakaa chini ya TV imefunikwa kitambaa. Kama wewe unacheza Jumamosi na Jumapili tu, saa moja moja, na unalipa elfu moja kwa saa, hiyo ni kama elfu nane kwa mwezi. Kwa mwendo huo, laki nne na ishirini itakuchukua zaidi ya miaka minne kuirudisha. Baki kibandani, ndugu yangu. Utakuta na wenzako wa kucheza nao, na mwenye kibanda ndiye atakayehangaika na fundi.

Mimi mwenyewe kabla ya mchezo wa kijumbe nilishawahi kukosea, na kosa lile ndilo lililonifundisha karibu yote ninayoyasema. Mwaka 2021 Ambakisye alimaliza kidato cha nne, nikataka kumpa zawadi. Nilivunja kibubu, nikapata 350,000. Mtu mmoja wa Dar alikuwa anaweka picha nzuri mtandaoni: mashine inang'aa, pedi mbili, sidi tatu. Nikatuma hela kwa simu. Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo mzigo ulikuja na basi na mimi nikaupokea stendi jioni, baridi imeshaingia, nikasaini nikaenda nao nyumbani bila kuufungua. Ilikuwa PS4 ya umbo la kwanza, lile nene. Ukiiwasha feni inaunguruma kama mashine ya kusaga. Pedi zote mbili zilikuwa kopi, stiki ya kushoto inatembea yenyewe, mchezaji wako anaelekea kwenye kona wakati wewe umelenga goli. Baada ya wiki mbili ikaacha kusoma sidi kabisa. Nilipompigia yule mtu, simu ikawa haipokelewi.

Lenzi mpya pamoja na kazi ya fundi, 45,000. Pedi moja ya kweli, 80,000. Jumla ile zawadi ikafika 475,000. Mwaka uliofuata niliiuza kwa laki mbili kwa mtu niliyemwambia ukweli wote kuhusu feni, nikabaki na ile pedi nzuri. Pedi hiyo ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo Januari ile ya 2023 nilipoingia dukani Mwanjelwa nilikuwa na sidi yangu kwenye mkoba na waya wangu wa kuchajia pedi. Nilimsalimia mwenye duka, nikamwambia, "Kaka, hela ninayo, ila naomba saa nzima." Akaniangalia, akanipa kigoda. Nikaweka sidi, nikaitoa, nikaiweka tena. Nikacheza nusu saa nikisikiliza feni. Nikashika waya wa HDMI nikautikisa taratibu kuona kama picha inakatika. Nikaingia kwenye mipangilio kuangalia kama akaunti ya mwenyewe wa zamani imeondolewa, kisha nikawasha hotspoti ya simu yangu nikaingia mtandaoni, kwa sababu kuna mashine zilizofungiwa na ambazo hazitaingia mtandaoni maisha yake yote. Nikazungusha stiki zote mbili polepole na kuziacha, nione kama zinarudi katikati.

Kwenye duka la kwanza niliondoka mapema. Kijana aliniambia, "Dada, hii ina gemu 30 ndani, ila usiisasishe." Neno hilo likisemwa, jua mashine imeshafunguliwa ili ipokee gemu za wizi. Ukiisasisha, zile gemu hazifunguki. Usipoisasisha, huchezi na watu mtandaoni, na sidi mpya zinazodai programu mpya zinakukatalia. Watu wengi wanaziona rahisi na siwalaumu, hela ni ngumu. Mimi kazi yangu ni kushona, najua uchungu wa mtu kuchukua mshono wako bila kulipa, kwa hiyo nilitaka kila gemu ninayocheza iwe imelipiwa na mtu fulani, hata kama aliyelipa alikuwa mtu wa kwanza na mimi ni wa nne.

Ile niliyoichukua ni PS4 Slim ya GB 500, kwa 420,000 pamoja na pedi moja ya kweli. Laki nne ya mchezo, na elfu ishirini niliongeza kwenye hela ya sare.

Sasa nieleze kwa nini PS4, wakati PS5 ilikuwa imeshatoka Novemba 2020. Zamani tulizoea kwamba ukisubiri, mashine mpya itashuka bei. PS4 ilipotoka Novemba 2013 kule Marekani ilikuwa karibu dola 400. Septemba 2016 ikaja Slim kwa karibu dola 300. Ulikuwa unasubiri miaka mitatu unapata punguzo na mashine bora zaidi. Kwa PS5 mambo yamegeuka. Ilianza kwa karibu dola 500 ile yenye mdomo wa sidi na karibu 400 isiyo na mdomo. Agosti 2022 Sony, wanaoitengeneza, wakapandisha bei Ulaya na sehemu nyingine nyingi, na Agosti 2025 wakapandisha Marekani, ile yenye sidi ikafika karibu dola 550. Miaka karibu mitano ilipita na mashine ikapanda badala ya kushuka. Kwa hiyo anayesubiri PS5 mpya ishuke kama PS4 ilivyoshuka, anasubiri basi lililobadilisha njia. Punguzo sasa hivi liko kwenye mtumba, na mtumba mwingi ni wa PS4, kwa sababu walionazo ndio wanaoziuza ili wahamie mbele. Mpira wenyewe haukukatika mapema: hata FC 26 (FC ni jina jipya la FIFA) ya Septemba 2025 ilitoka kwa PS4 pia.

Jambo ambalo nitalisema kwa nguvu kuliko yote ni sidi. Ukiwa Mbeya, au Iringa, au Njombe, usinunue mashine isiyo na mdomo wa sidi, hata ukipewa kwa bei ya huruma. Mashine isiyo na sidi inataka upakue kila kitu, na gemu moja kubwa inaweza kula GB 50 au 100. Piga hesabu ya bando mwenyewe. Kisha Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za duka la PlayStation, kwa hiyo mtu anafungua akaunti ya nchi nyingine na kutafuta kadi za malipo za nchi hiyo hiyo. Rafiki yangu mmoja alinunua kadi ya Marekani wakati akaunti yake ni ya Uingereza. Haikuingia, na aliyemuuzia akasema ameshaikwangua, hairudi. Zaidi ya hayo, gemu uliyoipakua huwezi kuiuza wala kumwazima jirani. Umeinunua, lakini haitoki nje ya mlango wako.

Sidi inatoka. Sidi ya PS4 iliyonunuliwa London inacheza kwenye mashine iliyonunuliwa Dubai, haibagui. Na ukija kupata PS5 yenye mdomo, karibu sidi zako zote za PS4 zitaingia na kucheza. Kwa hiyo kabati la sidi ni kama vitenge vizuri: mwili ukibadilika, unashona upya, kitambaa ni kile kile.

Uhuru huu wa sidi nusura utuponyoke. Mwaka 2013, Microsoft walipoitambulisha Xbox One, mashine yao ya gemu, walikuja na masharti ya kubana sidi za kuazimana na za mtumba, na mashine ilitakiwa iungane na mtandao kila baada ya saa 24. Fikiria sheria hiyo ikifika Chunya. Wachezaji dunia nzima wakalalamika. Sony mwezi Juni wakatoa video fupi sana, ya sekunde chache: mtu anamkabidhi mwenzake sidi ya PS4 mkononi, mwenzake anashukuru, imeisha. Ndani ya mwezi huo huo Microsoft wakayaondoa masharti yao. Kila ninapompa mtu sidi barazani kwangu huwa naikumbuka ile video, na moyoni nasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, kwa wale waliolalamika.

Kutokana na hilo tukaanzisha mchezo wa pili. Huu hauna kijumbe wala hela mkononi, una sidi. Tuko watano: mimi, Ambakisye, mwalimu mmoja wa sekondari anayeishi Iyunga, dereva wa lori anayekwenda na kurudi Tunduma, na binamu yangu wa Iringa. Kila mmoja ananunua sidi moja ya mtumba, bei isizidi elfu 40, na hairuhusiwi wawili kununua gemu moja. Kila baada ya mwezi sidi zinahama. Ukimaliza mzunguko umecheza gemu tano kwa elfu 40, yaani elfu nane kila gemu. Ya Iringa inasafiri kwa basi ndani ya bahasha ya kaki, imefungwa katikati ya vipande viwili vya boksi. Sheria ya kuitunza ni moja tu: ukiikwaruza mpaka isisome, unanunua nyingine. Na uzuri wa PS4 ni kwamba ulipofikia panabaki kwenye mashine yako, kwa hiyo sidi ikirudi kwako baada ya miezi minne unaendelea pale pale. Hakuna tena ugomvi wa memori kadi.

Yule dereva ndiye alitupa somo kuhusu sidi za pacha. Alinunua Red Dead Redemption 2 mahali fulani njiani kwa bei iliyomfurahisha sana, elfu 20. Kufika nyumbani akakuta kasha lina sidi moja. Gemu ile kwenye PS4 ina sidi mbili, moja ya kupakia na nyingine ya kuchezea, na The Last of Us Part II iko hivyo pia. Bila ya kupakia huanzi, bila ya kuchezea huingii. Kwa hiyo fungua kasha kabla hujatoa hela, na uigeuze sidi kwenye mwanga.

Kuna tofauti kubwa kati ya gemu za hadithi na gemu za mpira, na usipoijua utapoteza. God of War ya 2018 niliinunua kwa 35,000, na hata leo nikiitangaza nitapata bei hiyo hiyo au pungufu kidogo, maana hadithi haichachi. Gemu ya mpira inachacha kama maziwa. Kila mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Septemba, inatoka mpya, na ya zamani inaporomoka siku hiyo hiyo. Oktoba 2022 niliiona FIFA 23 dukani kwa 160,000. Oktoba kwangu ni mwezi mkavu, wateja wanaleta suruali za kupunguza tu. Nilikaa. Novemba huwa kuna mapunguzo makubwa nchi za nje, baada ya hapo sidi za mtumba zinaanza kuonekana, halafu Desemba na Januari ndipo hela ya sare inaingia. Sikuinunua hata Januari. Niliichukua Machi kwa 70,000, ligi bado inaendelea, majina ya wachezaji ni yale yale. Agosti, kabla mpya haijatoka, nikaiuza kwa 40,000. Nimecheza miezi mitano kwa elfu thelathini, elfu sita kwa mwezi. Aliyenunua Oktoba na akaisubiri mpaka Oktoba nyingine kuiuza, sijui kama alipata hata 20,000.

Ajabu ni kwamba majira ya gemu na majira ya cherehani yangu yanakwenda pamoja vizuri. Wakati zinapokuwa ghali mimi sina hela, wakati ninapokuwa na hela zimeshashuka. Kwa mkulima wa viazi wa Uyole au wa mpunga Kyela majira yatakuwa mengine, ila kila mtu ana mwezi wake wa hela, na gemu inaweza kuusubiri mwezi huo.

Kama huna hata elfu 40, zipo za bure. eFootball, ile gemu ya mpira iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ni ya bure kwenye PS4 na kwenye simu. Rocket League ni ya bure tangu Septemba 2020, na Fortnite. Hizi hazidai ulipie PS Plus ili kucheza mtandaoni. Tatizo lake ni bando la kuzipakua. Mimi nilikwenda kwa mwalimu wa Iyunga mwenye intaneti ya waya, nikakaa naye na mke wake tukala wali na maharage huku inashuka.

Lakini za bure zina mlango wa nyuma. Mwaka jana Ambakisye alinunua sarafu za gemu moja ya mpira kwenye simu. Elfu tano, elfu kumi, tena elfu kumi, akitumaini kufungua pakiti yenye mchezaji mkubwa. Alipoziandika zote baada ya miezi miwili zilikuwa 85,000, na yule mchezaji hakumpata. Alikuja kuniambia mwenyewe, ameinamisha kichwa, na sikumgombeza. Vitu hivyo vimetengenezwa na watu wazima wanaojua kijana anavyotamani. Kule Ubelgiji mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya bahati nasibu ilisema pakiti za namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Nilimsomea habari hiyo. Siku hizi hakuna kadi wala hela ya simu iliyounganishwa na gemu yoyote nyumbani kwangu, na watoto wa kaka wakija likizo nawafungulia jina la ndani ya mashine tu, ambalo halidai akaunti ya mtandao.

Kuhusu umeme, watu wanauogopa bure. Sisi tunaopata uniti 28 kwa elfu kumi, PS4 Slim na TV ya inchi 32 kwa pamoja kwa kawaida hazifiki wati 150. Uniti moja inakupa zaidi ya saa sita. Ni kama shilingi 55 kwa saa. Pasi yangu ya kunyooshea sare inakula zaidi kwa mbali. Cha kuogopa ni umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, hasa mvua za radi zinapoanza. Kifaa cha kulinda, kile wanachouza kwa ajili ya friji na TV, nilinunua 35,000 na sijajuta.

Vumbi nalo. Baridi ya hapa inaisaidia mashine, Juni na Julai feni yangu huisikii kabisa. Ila Agosti mpaka Oktoba, upepo ukianza na udongo ukipanda, pamba na nyuzi za cherehani zikichanganyika humo, feni inaziba. Kila mwaka Novemba nampelekea fundi aifungue, aisafishe na kubadilisha ile dawa nyeupe ya kupoza juu ya prosesa. Elfu 20. GB 500 zilipojaa nilichomoa diski ya laptopu mbovu ya mwalimu, ya TB 1, inchi mbili na nusu, nikamlipa 40,000. Kwenye Slim ni kuvuta kifuniko kidogo cha nyuma na kufungua skrubu, niliifanya mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani, kisha nikapakia programu ya mashine upya kwa flashi. Na usinunue waya wa pedi dukani kwa bei ya gemu. Pedi ya PS4 inatumia waya ule ule wa simu za zamani za Android. Jaribu tu kama unapitisha data, maana mingine inachaji peke yake na pedi haitaungana na mashine.

Sasa Ambakisye ana miaka 21, anafanya kazi gereji moja kule Uyole, na anaisubiri gemu ya GTA VI. Imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series, PS4 haimo. Alinijia na hoja zake zote, na nyingine nilizitambua kuwa ni zangu: dada, yenye mdomo wa sidi, dada, ya mtumba, dada, sidi zetu zitaingia. Nikamwambia vizuri sana, lakini sivunji kibubu tena. Atafute kijumbe.

Akampata. Mafundi wa gereji yao na za jirani wana mchezo wao, watu 15, elfu 50 kila wiki mbili. Yeye na rafiki yake wameshika jina moja, kila mmoja anatoa nusu, na watakachopata watagawana. Nusu yake ataiongezea na hela atakayoweka akiba mpaka mwaka ujao. PS4 tumekubaliana itakwenda Tukuyu kwa watoto wa kaka, pamoja na ile pedi ya mwaka 2021.

Jina lao liko namba 12. Jumamosi iliyopita amepokea namba 5. Mimi leo jioni nimefunga God of War kwenye bahasha, boksi mbele na boksi nyuma, na kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa stendi kuikabidhi kwa kondakta. Zamu ya Iringa.